Saratani ya Tezi Dume Ikisambaa: Picha za Mwili Mzima Husaidia Kuamua Nini?

Chukua mfano wa wazee wawili wa kijiji kimoja. Wote wana umri wa miaka 68, wote wamepatikana na saratani ya tezi dume, na kipimo cha damu cha PSA kimewapa tarakimu zinazokaribiana, zote zaidi ya 100. Kwa kuangalia karatasi ya maabara pekee, hakuna anayeweza kuwatofautisha.

Wanapopigwa picha za mwili mzima, tofauti inajitokeza. Mzee wa kwanza ana madoa mawili ya saratani, yote kwenye mfupa wa nyonga. Mzee wa pili ana madoa zaidi ya kumi: mbavuni, begani, pajani, na moja kwenye pingili ya mgongo ambalo limeanza kusogea karibu na mishipa ya fahamu. Ugonjwa wao una jina moja, lakini matibabu yao hayatafanana.

Hiyo ndiyo kazi ya picha za mwili mzima. Picha yenyewe haitibu. Thamani yake iko katika uamuzi unaofuata baada ya picha kusomwa. Kwa familia inayochangisha fedha ili mzee apigwe skani, ni muhimu kujua kila picha inaonyesha nini, inabadilisha nini katika matibabu, na ni wakati gani haihitajiki.

Saratani hii husafiri vipi

Tezi dume ni kiungo kidogo kilichoko chini ya kibofu cha mkojo, kikizunguka njia ya mkojo. Mwaka wa 2022 wanaume wapatao milioni 1.47 duniani walipatikana na saratani ya tezi hiyo. Nchini Kenya, ni miongoni mwa saratani zinazowapata wanaume wengi zaidi.

Seli za saratani zikitoka kwenye tezi, mara nyingi huelekea kwenye mifupa: uti wa mgongo, nyonga, mbavu na sehemu za juu za mapaja. Huweza pia kuingia kwenye mitoki ya tumboni na nyonga, na baadaye kwenye ini au mapafu.

Jambo moja huwachanganya wengi. Saratani ya tezi dume iliyofika kwenye mfupa haigeuki kuwa saratani ya mifupa. Inabaki kuwa saratani ya tezi dume iliyohamia mahali pengine, na hutibiwa kwa dawa za saratani ya tezi dume.

Maumivu ya mgongo au nyonga huwa dalili ya kwanza kwa wagonjwa wengi wa aina hii. Kwa kuwa mgonjwa ni mtu mzima, watu husema ni uzee au baridi yabisi, na hununuliwa dawa za maumivu miezi kadhaa. Hata eksirei ya kawaida inaweza kutoka bila kuonyesha kitu. Mfupa unahitaji kupoteza kati ya asilimia 30 na 50 ya madini yake kabla eksirei haijaonyesha upungufu huo. Zaidi ya hayo, eksirei huangalia sehemu moja tu, ilhali ugonjwa huu unaweza kuwa sehemu nyingi kwa wakati mmoja.

Picha nne na kile kinachoonekana

Skani ya mifupa. Mgonjwa hudungwa sindano yenye kiasi kidogo cha teknetiamu, madini yenye mionzi, iliyounganishwa na dawa inayopenda kukaa kwenye mfupa. Husubiri karibu saa tatu akinywa maji, kisha hulala chini ya kamera inayopiga picha kuanzia kichwani hadi miguuni. Mahali ambapo mfupa unajijenga upya kwa kasi hung'aa kama doa jeusi kwenye picha.

Skani hii ina udhaifu mmoja ambao lazima ueleweke. Haionyeshi saratani yenyewe, bali jinsi mfupa unavyojibu. Mzee aliyewahi kuanguka kutoka juu ya mti na kuvunjika ubavu, au mwenye magoti yaliyochakaa, anaweza kuonyesha doa ambalo si saratani. Ndiyo maana mgonjwa anapaswa kumweleza mtaalamu wa picha kila jeraha na kila mfupa uliowahi kuvunjika, hata kama ni miaka ishirini iliyopita.

Skani ya CT. Hutumia eksirei nyingi kutoka pande zote na kuunda picha za vipande vya mwili. Ni nzuri kwa kuona mitoki iliyovimba, ini na mapafu. Mara nyingi hufanywa pamoja na skani ya mifupa: moja inatazama mifupa, nyingine inatazama viungo laini. Mgonjwa mwenye kisukari au ugonjwa wa figo aseme mapema, kwa kuwa dawa ya kung'arisha mishipa inayodungwa wakati wa CT inaweza kuelemea figo dhaifu.

MRI ya mwili mzima. Hutumia sumaku na mawimbi ya redio, bila mionzi. Huona ndani ya uboho wa mfupa, mahali saratani huanzia kabla mfupa wenyewe haujaharibika. Pia ndiyo picha bora zaidi ya kuonyesha kama mishipa ya fahamu iliyoko ndani ya uti wa mgongo imebanwa. Hata hivyo, humchukua mgonjwa karibu saa moja akiwa amelala kimya ndani ya mashine yenye kelele, na si kila mashine ya MRI imeandaliwa kupiga mwili mzima. Mwenye kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo au chuma chochote mwilini lazima aseme kabla ya kuingia chumbani.

Skani ya PET ya PSMA. PSMA ni protini inayopatikana kwa wingi juu ya seli nyingi za saratani ya tezi dume. Wataalamu hudunga dawa inayoitafuta protini hiyo na kuishika, ikiwa imebeba chembe yenye mionzi kama galiamu-68 au florini-18. Baada ya muda wa saa moja hivi, mashine huonyesha mahali dawa iliposhika. Tofauti na skani ya mifupa, hii hulenga saratani yenyewe, iwe kwenye mfupa au kwenye mtoki mdogo ambao CT ingeuona kuwa wa kawaida.

Utafiti uliofanywa Australia kwa wanaume 302 na kuchapishwa mwaka wa 2020 ulilinganisha njia hizi. Wote walikuwa wamegunduliwa karibuni kuwa na saratani ya hatari kubwa, wakisubiri upasuaji au tiba ya mionzi. PET ya PSMA ilitoa jibu sahihi kwa asilimia 92, huku CT pamoja na skani ya mifupa zikitoa kwa asilimia 65.

Lakini hata PET ina mipaka. Baadhi ya saratani za tezi dume hazina PSMA ya kutosha, kwa hiyo hazionekani. Kwa upande mwingine, tezi za mate na figo hung'aa kwa kila mtu, na hilo si ugonjwa.

Kwa nini PET haipo kila kaunti

Jibu liko kwenye saa. Florini-18 hupoteza nusu ya nguvu yake kila baada ya dakika 110. Ikitengenezwa saa mbili asubuhi, kabla ya kufika saa nne nusu yake imekwisha. Galiamu-68 ina haraka zaidi, kwani hupoteza nusu kwa dakika 68. Kwa hiyo mashine ya PET inapaswa kuwa karibu na mtambo unaotengeneza chembe hizo, na mtambo huo ni wa gharama kubwa na unahitaji wataalamu maalumu.

Hapa Kenya, mashine za PET zipo Nairobi na viungani mwake, zikiwemo zile za Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan na Hospitali ya Mafunzo, Rufaa na Utafiti ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Kwa mkazi wa kaunti ya mbali, skani hiyo ina maana ya nauli, malazi na mtu wa kumsindikiza mgonjwa, juu ya gharama ya picha yenyewe. CT hupatikana kwa urahisi zaidi.

Picha inabadilisha uamuzi gani

Tangu mwaka wa 1941, Charles Huggins na Clarence Hodges walipoonyesha huko Chicago kwamba saratani hii hutegemea homoni ya kiume, msingi wa matibabu ya saratani iliyosambaa umekuwa kuipunguza homoni hiyo. Hufanywa kwa sindano za kila mwezi au kila miezi mitatu, au kwa upasuaji mdogo wa korodani. Karibu kila mgonjwa mwenye saratani iliyosambaa huhitaji tiba hii. Picha husaidia kujua nini kiongezwe juu yake.

Madoa ni machache. Utafiti wa Uingereza na Uswisi uliotolewa mwaka wa 2018 uliwafuatilia wanaume 2,061 wenye saratani iliyosambaa. Kwa wale wenye madoa machache, kuongeza tiba ya mionzi kwenye tezi dume yenyewe kulisaidia: baada ya miaka mitatu, asilimia 81 walikuwa hai, ikilinganishwa na asilimia 73 ya wale ambao hawakupewa mionzi hiyo. Kwa wenye madoa mengi, mionzi kwenye tezi haikurefusha maisha. Mzee wa kwanza katika mfano wetu anaweza kunufaika. Mzee wa pili angesafiri wiki kadhaa kwenda kupigwa mionzi isiyomwongezea maisha.

Madoa ni mengi. Utafiti wa Marekani wa wanaume 790, uliochapishwa mwaka wa 2015, uliongeza dawa ya kemo iitwayo dosetakseli juu ya tiba ya homoni tangu mwanzo. Ugonjwa ulihesabiwa kuwa mwingi ikiwa umefika kwenye viungo kama ini au mapafu, au ikiwa kuna madoa manne au zaidi kwenye mifupa, angalau moja likiwa nje ya uti wa mgongo na nyonga. Katika kundi hilo, muda wa kati wa kuishi ulipanda kutoka miezi 32.2 hadi miezi 49.2. Huo ni muda wa zaidi ya mwaka mmoja ulioongezeka. Siku hizi kuna pia vidonge vya kuimarisha tiba ya homoni, na daktari huchagua kulingana na nguvu za mgonjwa, magonjwa mengine aliyo nayo na uwezo wa kupata dawa.

Doa liko mahali pa hatari. Wakati mwingine idadi si hoja. Doa moja kwenye pingili ya mgongo au kwenye shingo ya mfupa wa paja linaweza kumwangusha mtu. Picha humwezesha daktari kupanga mionzi au upasuaji kabla mfupa haujavunjika. Kwa maumivu ya mfupa, dozi moja ya mionzi mara nyingi hutuliza sawa na dozi nyingi zilizogawanywa, na hilo humpunguzia mgonjwa safari.

Homoni na kemo zimeshindwa. Kwa hatua hii ipo tiba inayotumia PSMA hiyo hiyo, safari hii ikibeba lutetiamu-177, ambayo mionzi yake hupiga seli za saratani kutoka karibu. Katika utafiti wa wanaume 831 uliochapishwa mwaka wa 2021, muda wa kati wa kuishi ulikuwa miezi 15.3 kwa waliopewa tiba hiyo na miezi 11.3 kwa wasiopewa. Hapa PET ni sharti: kama madoa hayaonekani kwenye PET ya PSMA, dawa haitakuwa na pa kushika. Ni tiba ghali na hutolewa katika vituo vichache.

Je, ni lazima kila mgonjwa apigwe PET?

Hapana. Idadi za "madoa machache" na "madoa mengi" zilizotajwa hapo juu zilihesabiwa kwa skani ya mifupa na CT, si kwa PET. Mgonjwa ambaye picha hizo za kawaida tayari zimeonyesha madoa kumi ana jibu la kutosha la kuanzia matibabu. PET inaweza kumwonyesha madoa kumi na tano, lakini tiba ya kwanza haitabadilika.

PET husaidia zaidi katika nyakati tatu: kabla ya upasuaji au mionzi kwa mgonjwa mwenye saratani ya hatari kubwa ambayo haijulikani kama imetoka nje ya tezi, PSA inapopanda tena baada ya matibabu na picha za kawaida hazionyeshi kitu, na kabla ya kuchagua tiba ya lutetiamu.

Hatari kubwa ni mgonjwa kukaa nyumbani miezi mitatu bila tiba ya homoni, familia ikisubiri kuuza ng'ombe au kipande cha shamba ili alipiwe PET. Miezi hiyo saratani haisubiri. Kama daktari amesema tiba ianze kwa picha zilizopo, ianze.

Picha ya pili inaweza kudanganya

Baada ya kuanza dawa, picha hurudiwa ili kuona kama ugonjwa unarudi nyuma. Hapa pana mtego. Katika wiki 12 za kwanza, skani ya mifupa inaweza kuonyesha madoa yaliyong'aa zaidi, hata madoa mapya, ilhali mgonjwa anajisikia vizuri na PSA inashuka. Mara nyingi huo ni mfupa unaopona: unajijenga upya, na skani huona ujenzi huo.

Kwa sababu hiyo, wataalamu hawabadilishi dawa kwa skani moja tu ya mapema. Hurudia nyingine baadaye na kutazama kama madoa mapya yanaendelea kuongezeka. Mgonjwa asiache dawa kwa kusoma neno "madoa mapya" kwenye ripoti kabla ya kuzungumza na daktari wake.

Kinyume chake pia hutokea: PSA inaweza kubaki chini huku ugonjwa ukisonga mbele. Maumivu mapya yaripotiwe hata kama kipimo cha damu ni kizuri.

Dalili zisizosubiri siku ya kliniki

Mwanaume mwenye saratani ya tezi dume afikishwe hospitalini siku hiyo hiyo akiwa na mojawapo ya haya:

- Miguu kuwa dhaifu, kufa ganzi, au kushindwa kusimama
- Mkojo kuziba ghafla, au kushindwa kuzuia mkojo au choo
- Ganzi sehemu za siri na makalioni
- Maumivu makali ya mgongo yanayozidi anapolala, anapokohoa au anapojikaza

Hizi zinaweza kuwa ishara kwamba mishipa ya fahamu kwenye uti wa mgongo imebanwa. MRI ya uti wa mgongo wote inapaswa kufanywa ndani ya saa 24, kisha dawa, mionzi au upasuaji ufuate haraka. Anayetibiwa akiwa bado anatembea ana nafasi nzuri ya kuendelea kutembea. Anayefikishwa baada ya miguu kupooza, mara nyingi hainuki tena. Kumpaka mzee dawa ya kuchua na kungoja Jumatatu kunaweza kumgharimu miguu yake.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipia picha

Mgonjwa au mwanawe anayemsindikiza ana haki ya kuuliza, na daktari ana wajibu wa kujibu kwa lugha wanayoielewa:

1. Picha hii ikitoka mbaya, matibabu yatabadilika vipi? Na ikitoka nzuri?
2. Je, kuna picha aliyopigwa tayari inayoweza kujibu swali hilo?
3. Je, tiba inaweza kuanza wakati picha inasubiriwa?
4. Bima italipa kiasi gani, na ni idhini gani inayotakiwa kabla ya kusafiri?
5. Nani atasoma picha, na majibu yatarudi kwa daktari yupi?

Kama jibu la swali la kwanza ni kwamba hakuna kitakachobadilika, fedha hizo huenda zikafaa zaidi kwa dawa na nauli ya kliniki.

Njia ya kufuata

Mwanaume mwenye shida ya mkojo au maumivu ya mgongo yasiyoisha aanzie kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji anaweza kumwelekeza. Kutoka hapo huandikiwa rufaa hadi hospitali ya rufaa ya kaunti, ambako vipimo vya PSA, kipande cha nyama ya tezi na picha za kwanza hupangwa. Tiba ya mionzi katika hospitali za umma hupatikana Nairobi na Eldoret, na pia katika vituo vya saratani vya Mombasa, Nakuru na Garissa.

Kila mwanafamilia ajisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kupitia *147#, na michango ilipwe kabla ugonjwa haujabisha hodi. Kwa kuwa viwango vya malipo ya saratani hubadilishwa mara kwa mara, dawati la SHA hospitalini liulizwe kabla ya kila skani.

Familia ihifadhi kila picha. Ripoti za karatasi na diski ziwekwe kwenye bahasha moja, zikiwa zimepangwa kwa tarehe, na bahasha hiyo iende na mgonjwa kila safari. Daktari hupima maendeleo kwa kulinganisha picha ya leo na ya jana. Ikipotea ya jana, hulazimika kuanza upya kwa gharama ya mgonjwa.

Baada ya skani ya mifupa au PET, mgonjwa anywe maji mengi na kukojoa mara kwa mara ili mionzi itoke mwilini. Kwa saa chache asiwapakate wajukuu wadogo wala kukaa kwa muda mrefu karibu na mjamzito. Siku inayofuata anaweza kuendelea na shughuli zake kama kawaida.

Wale wazee wawili wa mwanzo wote wanaweza kutibiwa. Wa kwanza anahitaji homoni na mionzi kwenye tezi. Wa pili anahitaji mgongo wake ushughulikiwe kwanza, kisha homoni pamoja na dawa ya kuongeza nguvu. Kila mmoja atapata tiba inayomfaa ikiwa maumivu yake yatachukuliwa kwa uzito mapema, na picha yake kusomwa kabla ya uamuzi kufanywa.